Njoro Kuna Nini?

Akeyo, mwenzangu wa zamu ya usiku,
uliniuliza tukikunja mashuka wodini:
"Huko Njoro kwenu kuna nini
hata ukawa kila siku wapanda, washuka,
kama ndoo ya kisima?"
Nilicheka. Mama wa kitanda cha nne akaanza kulia uchungu
na swali likalala pale kwenye mashuka.

Basi sikiliza.

Kuna kupishana.
Saa kumi na mbili na robo nashuka barabarani,
ukungu umeatamia mabati,
na mji mzima unanijia usoni ukielekea Nakuru:
karani wa benki, mabuti ya mpira miguuni,
viatu vya kazi kwapani ndani ya gazeti;
Wanjugu na karoti alizosugua hadi zikaona haya;
fundi Tirop, futi shingoni.
"Usiku umezaaje?" huniuliza.
"Wawili wa kike, mmoja wa kiume."
Hupokea hesabu hiyo kama bei ya viazi, wakaenda zao.
Mji hubaki na punda, na sisi tunaolala mchana.

Hata mto wetu kibarua chake kiko Nakuru.
Hutoka Mau ukinong'ona, hupita nyuma ya chuo,
hushuka kuhudumia heroe ziwani.
Tofauti yetu na mto ni moja tu:
jioni haurudi.

Jina, inasemekana, tuliachiwa na Wamaasai,
neno lao la chemchemi; hapa ng'ombe walikunywa wakashiba.
Kisha reli ikapanda ikihema,
ikashusha watu waliopimiwa ardhi kwa macho,
mpaka pale macho yanapochoka,
na babu yangu akapimiwa unga kwa kibaba,
kibaba chenyewe kimebonyea.
Leo mbuzi wanachagua nyasi katikati ya mataruma.
Hawana haraka. Treni nayo haina.

Wageni huulizia kasri. Lipo.
Mawe ya kuchongwa, vyumba hamsini na ushei.
Wanasimulia kwamba bwana mmoja alilijenga kwa ajili ya mwanamke,
na mwanamke akasema la.
Nililipa kiingilio mara moja,
nikahesabu mabomba ya moshi,
nikawaza: nani aliyepandisha kuni?
Siku hizi, kila Jumamosi,
maharusi hupigwa picha mlangoni mwa aliyekataliwa,
shela inafagia vumbi, mpiga picha anasema, "Sogeeni, pendaneni."

Kuna mwaka mmoja hatuwaonyeshi wageni.
Nitakwambia hili tu: Tirop alificha magunia ya Wanjugu darini kwake,
na hadi leo Wanjugu hamdai, Tirop hadaiwi,
lakini suruali za wanawe hazijawahi kukosa pindo.

Wewe lakini sitakupeleka kasri.
Nitakupeleka pangoni, kando ya mto.
Miaka elfu tatu, wanasema waliochimba,
watu waliwachoma wafu wao pale,
na kila mmoja akaachiwa bakuli lake la jiwe,
mchi wake, shanga zake.
Vitu vimekwisha kuchukuliwa, vimepewa namba.
Utakachokiona ni giza na mavi ya popo.
Ila nilisimama pale asubuhi moja nikitoka kazini,
bakuli langu la plastiki mkobani, kijiko kikigongagonga,
nikaona haya kana kwamba nimefika kwa watu wakati wa kula.

Unaona? Tangu zamani, mtu wa hapa
hatoki bila chombo chake.

Saa moja jioni tunapishana tena.
Wao wanapanda na mikate na tope la kwenu;
mimi nashuka na kanzu yangu nyeupe.
Taa zinawaka moja moja
kama mtu anayejaribu kukumbuka majina.

Njoo Jumapili.
Uje na sweta.